Tae-chul Alipotumwa Kuvunja Duka la Supu

Bosi Ma, mkuu wa genge, alitaka kuumiliki mtaa wote wa soko la samaki la Pohang, na wenye maduka waliokuwa bado wanamgomea walikuwa wachache. Asubuhi moja akamtuma Tae-chul na vijana wawili wenye marungu wakavunje duka la supu la pale pembeni. Hakuna aliyemwambia Tae-chul duka ni la nani.

Akasukuma mlango. Nyuma ya sufuria alisimama Bong-sik. Walikulia nyumba za kupakana, na ni Bong-sik aliyewahi kumvuta kwa nywele kutoka mtoni barafu ilipopasuka chini ya miguu yake. Hawakuonana tena tangu Tae-chul alipotoroka shule akajiunga na genge.

"We Masikio!" Bong-sik akapaza sauti. "Mbona umenenepa hivyo? Wanakulisha nini huko?"

Vijana wakaangua kicheko. Hawakuwahi kusikia mtu akimwita mkubwa wao kwa jina hilo la utotoni.

"Funga duka uondoke, Bong-sik," Tae-chul akasema kwa sauti ya chini. "Leo hii. Nakuomba."

"Siondoki. Mama alifia jikoni humu. Kaa ule kwanza, ndipo uvunje."

Kijana mmoja akachoka kusubiri, akainua rungu kumpiga Bong-sik. Tae-chul akajitupa katikati. Mfupa wa mkono ukalia ka!

Yule kijana akaduwaa. "Kaka, umefanya nini?"

"Nendeni. Mwambieni Bosi nimeacha kazi."

Alijua Bosi Ma hatamwacha, wala duka hataliacha. Basi, kabla hata mkono haujafungwa bandeji, akamwomba Bong-sik amsindikize polisi. Huko akaeleza yote, ya Bosi na ya kwake mwenyewe. Bosi alikamatwa. Tae-chul naye akafungwa, maana watu aliowaumiza walikuwa wengi, na hakumkana hata mmoja.

Siku ya kutoka gerezani hakutegemea kupokewa. Nje ya lango akamkuta Bong-sik anatetemeka kwa baridi, ameshika kipande cha tofu nyeupe, chakula laini cha soya ambacho kwa desturi ya kwao mfungwa hulishwa anapotoka ili asirudi tena.

"Kula yote. Ukibakiza nakurudisha ndani mwenyewe."

Tae-chul akala amesimama, machozi yanamtiririka. "Haina chumvi."

"Lalamika tu. Kesho unamenya vitunguu saumu, gunia zima."

"Mkono huu haukunjiki vizuri."

"Si unao mwingine?"

Kwenye basi Tae-chul alisinzia, kichwa kikamlalia mwenzake begani. Bong-sik hakumwamsha mpaka walipofika sokoni.