Kata Isiyo na Mwenye Huzuni

Kwa siku tano mfululizo mama yangu mdogo Rukaya aliwahoji watu kumi na wanane wa Kwashemshi, na wote walikuwa na furaha. Hakuna aliyekosa usingizi. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyechoshwa na mume wake, jambo ambalo hata mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyekuja likizo kutoka bweni, niliona linahitaji uchunguzi.

Msimamizi wake, Sista Joyceline, aliona hivyohivyo. Alipiga simu kutoka Handeni, ambako Mama Mdogo alikuwa amesomea kwa wiki tatu namna ya kuwatambua watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, ili wasaidiwe hapahapa zahanati badala ya kungoja hali iharibike na mtu ateremshwe hospitali Korogwe amefungwa kamba.

"Rukaya, hiyo kata yenu ni peponi?"

"Hapana, Sista."

"Basi Alhamisi nakuja. Utamhoji mtu mmoja mbele yangu. Ukishindwa, nafasi yako naipeleka kata nyingine."

Mama Mdogo aliiweka simu mezani taratibu, kama yai. Kwa miaka tisa kazi yake pale zahanati ilikuwa kuwapima watoto uzito. Hii ya afya ya akili aliiomba mwenyewe, akaandika barua tatu, na alipokwenda Handeni maharage yake yaliliwa na kima kwa sababu hapakuwa na wa kuwafukuza.

"Yusra," akasema, "njoo uwe mgonjwa. Nifanye mazoezi."

Sijawahi kupewa heshima kubwa namna hiyo. Shuleni nimekuwa mgonjwa mara nyingi, hasa siku za mtihani wa hesabu, lakini hakuna aliyewahi kuniomba. Nikajiandaa kwa uadilifu. Nilikata kitunguu, nikakifunga kwenye pindo la khanga, nikaketi mkekani na kujipangusa macho nacho mpaka machozi yakaanza kushuka kwa utaratibu mzuri.

"Shikamoo bibi," akaanza, maana tulikubaliana nina miaka sabini.

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za usingizi?"

"Nzuri."

"Habari za chakula?"

"Nzuri," nikasema, machozi yakinidondoka kidevuni.

"Na za moyo?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Sijui wewe na watoto?"

"Wazima." Akaandika. Nikachungulia dodoso lake, ile karatasi ya maswali. Alikuwa ameandika: analala, anakula, moyo hauna neno.

"Mama Mdogo, mimi nalia."

"Nakuona. Lakini umesema nzuri."

"Si umenisalimia? Ulitaka niseme nini?"

Akaigeuzia karatasi kwangu. Swali la kwanza lilichapwa waziwazi: katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa usingizi? Yeye, aliyelelewa vizuri kupita kiasi, alikuwa amelivika kila swali nguo ya salamu, na salamu kwetu ina jibu moja. Hata aliyelazwa anajibu nzuri kwanza, ndipo anataja ugonjwa.

"Kumi na wanane," akasema. "Nimewasalimia watu kumi na wanane."

"Kwa ukamilifu," nikamfariji.

"Sasa nitamwulizaje Mzee Filemoni? Ni mmoja wao, na ndiye wa Alhamisi, ameshakubali. Yule ni rafiki wa marehemu baba mkwe wangu, kwangu ni mkwe. Nikae mbele yake nimwulize kama analia? Kama polisi?"

"Wewe huwezi," nikakubali. "Ila mimi naweza."

Nilikuwa na leseni mbili. Ya kwanza, Mzee Filemoni ni Msambaa na baba yangu ni Mzigua wa Handeni, kwa hiyo makabila yetu ni watani. Ya pili, yeye ni babu na mimi ni mjukuu. Naruhusiwa kumwambia lolote na yeye kunijibu lolote. Desemba alinipokea kwa kuuliza kama Wazigua wa nchi kavu tumeleta ndoo zetu kuazima mvua, na jibu nililipata likizo imeshaisha.

Alhamisi tulimkuta barazani kwake, kofia magotini. Sista Joyceline, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, alimweleza kazi yao, kisha akamwuliza kama anaridhia mimi niwepo mwanzoni.

"Mtani hafukuzwi," akasema Mzee Filemoni.

Mama Mdogo akanitazama. Nikakohoa kama mgeni rasmi.

"Babu, shikamoo. Nimepita shambani kwako, nimekuta magugu yamekaa kikao. Mlima umekushinda? Wasambaa siku hizi mmekuwa wavivu kuliko sisi wa tambarare?"

"Ni kweli, mjukuu wangu," akasema. "Mlima umenishinda."

Nikangoja ndoo. Nikangoja mvua. Hakikuja kitu. Nilikuwa nimeandaa matusi mengine manne, nikayaweka kando.

"Babu, sikuja kukubaliwa," nikasema. "Mtani akikubali anachotukanwa, huyo haumwi kidogo. Unaumwa wapi?"

Akaigeuzageuza kofia yake.

"Usiku umekuwa mrefu," akasema. "Tangu mwezi wa tatu."

Mama Mdogo alisogeza kigoda chake karibu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake yote akamtazama mkwe usoni.

"Mrefu namna gani, baba? Kila siku, au siku kadhaa?"

Mzee Filemoni akamgeukia, akaanza kujibu. Hapo nikahisi kidole begani. Sista Joyceline alinionyesha njia. Kuanzia pale ilikuwa siri ya mgonjwa.

Basi mimi, mfungua mlango, nikakaa nje ya nyumba, kwenye migomba, pamoja na kuku ambao pia hawakuambiwa kitu. Ilikwenda saa nzima. Maneno yenyewe sikuyasikia, ingawa nakiri kwamba nilijitahidi. Niliona tu kwamba aliyekuwa akiongea zaidi ni mzee.

Walipotoka, dodoso lilikuwa limejaa.

"Umemwuliza yote?" nikamwuliza Mama Mdogo.

"Yote tisa."

"Amesemaje?"

"Nenda ukachote maji."

Sista Joyceline aliegemeza karatasi kwenye mti, akaweka sahihi. "Umepita. Jumatatu aje zahanati, tutakuwa naye wote wawili. Lakini wale kumi na wanane unawarudia."

"Kumi na saba," akasema Mama Mdogo.

"Na huyu binti usimtegemee. Shule zinafunguliwa, halafu si kila mtu ni mtani wake. Tafuta njia yako."

Alianza jioni ileile, kabla hata ya chai, kwa jirani yetu Bi Mwanaidi. Nilimsindikiza hadi mlangoni, cheo changu kikiwa kimeshuka. Wakasalimiana. Usingizi mzuri, chakula kizuri, kuku wazuri, mpaka salamu zikaisha zenyewe na Bi Mwanaidi akashika tena ungo wake.

Mama Mdogo hakuaga. Alivua kandambili, akaketi ukingoni mwa mkeka, akaweka karatasi ambapo wote wawili wangeiona.

"Salamu tumemaliza, mama," akasema kwa adabu zake zote. "Sasa nimekuja kwa kazi. Wiki hizi mbili, ni siku ngapi hukulala?"

Bi Mwanaidi aliacha kupepeta.

"Nani amekwambia?" akasema, akasogea kumpa nafasi.