Mtoro wa Dawa

Mwaija alisimama mbele ya mabenchi ya kliniki ya presha, mkono mmoja ukutani, akihema kama mtu aliyetoka mbio. Hapo husimama watoro. Ndiyo desturi ya zahanati hii iliyo ndani ndani huko, nyuma ya Mapinga: aliyekatiza dozi hukiri kosa mbele ya wenzake, kisha husamehewa na kupewa dawa.

Lakini Mwaija hakuwahi kukatiza. Alimeza mpaka viungo vikamuuma, akameza mpaka akashindwa kulala chali. Kila alipolalamika, nesi Zuhura alimjibu kwamba dawa haiui, utoro ndio unaoua. Basi akazidi kumeza. Juzi mumewe, Bwanausi, alimpeleka Bagamoyo mjini. Daktari akampima kwa mashine, akasema moyo umezingirwa na maji, na kilichoyaleta ni vile vidonge. Aviache leo hii. Maji yatolewe Dar, upesi, ila rufaa na gari vitoke zahanati ya kwao. Ndio utaratibu. Mtu anazama nchi kavu, wakubwa wanabishana apitie mlango gani.

"Shikamoo, nesi," alisema Bwanausi, naye ana umri wa kumzaa.

"Marahaba," Zuhura akaitikia bila haya.

"Daktari kasema dawa ndiyo iliyomdhuru."

"Watoro wangu wakizidi, huyo daktari ndiye atakayejibu wilayani? Mama, sema ulivyokosa."

"Sikukosa, mwanangu. Nimeambiwa niache."

"Umeacha, hujaacha?"

"Nimeacha."

"Basi mtoro. Waambie wenzako."

Mwaija aliwatazama wenzake; wakainamisha macho. Hasira ilimpanda, lakini pumzi ya kuisemea hakuwa nayo. Nje gari la wagonjwa lilikuwa kivulini, dereva amelala.

"Nimetoroka dawa," alisema.

"Hatutoroki!" mabenchi yakaitikia, kama yalivyofundishwa.

Zuhura akatoa kidonge, kilekile, na kikombe cha maji. "Meza nikuone. Mtoro hapandi gari langu."

"Daktari amekataza," Mwaija alisema, akimgeukia mumewe.

Bwanausi alitazama sakafu. "Meza tu, mama Abuu. Twende zetu."

Akameza.

"Fungua kinywa," Zuhura akasema. "Inua ulimi."