Uso wa Penseli

Mjalidi wa maktaba alikuwa amekwisha koroga gundi na kuiacha ipoe alipogundua kwamba ukurasa umelowa. Kwanza aliangalia dari, kwa kuwa chumba chake cha kutengenezea vitabu kilikuwa chini ya vyoo na isingekuwa mara ya kwanza. Dari ilikuwa kavu. Maji yalikuwa yakitoka ndani ya kitabu.

Kilikuwa kitabu cha kale cha ukunga, kikubwa kiasi kwamba kukinyanyua kulitaka watu wawili, na picha zake zilichorwa kwa kimo halisi cha binadamu. Jina la daktari aliyekitunga lilijaa ukurasa wa kwanza kwa herufi zenye mikia. Katika picha iliyolowa alikuwamo mwanamke mwenye mimba pevu. Alianzia shingoni akaishia magotini. Kichwa hakikuchorwa, maana daktari alikuwa akieleza tumbo.

Mjalidi aliweka kiganja juu ya tumbo hilo. Lilikaza, kisha likalegea. Akanawa mikono, akampigia simu mama yake.

Mama yake alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, na nusu hiyo ilimwita Mama Sukuma. Alifika na kapu lake, akazilalamikia ngazi, akavaa miwani.

"Chupa imepasuka," alisema. "Mbona hukuniita mapema?"

"Nilidhani ni bomba, mama."

"Bomba." Alivua saa akaiweka mezani. "Yuko hivi tangu lini?"

Mjalidi alimsomea mwaka uliochapwa chini ya jina la daktari. Zilikuwa zimepita karne tatu.

"Maskini," alisema mama yake. "Na wote waliokifungua wamemwangalia tu."

Wakaanza kazi. Mama Sukuma alikuwa na kawaida yake tangu alipofundishwa ukunga: hakulisikiliza tumbo peke yake, aliutazama uso. Midomo humwambia lini mzazi apumzike, nyusi humwambia lini asukume. Alivuta kiti upande wa shingo, mahali anapokaa siku zote, akatazama karatasi tupu. Mikono yake ikabaki mapajani.

"Simzalishi mtu nisiyemwona," alisema. "Nitamwambia asukume wakati wa kupumzika, achanike. Mchoree uso."

Mjalidi alitazama kopo lake la penseli. Kazi yake ilikuwa na sheria moja: hurudishwa kilichokuwapo, wala haiongezwi hata nukta. Wengine walifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo, naye alikipenda chumba hiki na harufu yake ya gundi. Aliogopa. Tumbo likakaza tena, safari hii kwa muda mrefu, na karatasi ikaanza kujikunja pembeni. Akachukua penseli laini, ile inayofutika.

Hakuwa na wa kumwigiza, hivyo alichora mwanamke aliyechoka: paji pana, macho yaliyoachana kidogo, kishimo kidevuni. Alipomaliza nyusi tu, zikakunjamana.

"Haya mwanangu, sasa tunaonana," alisema Mama Sukuma. "Pole sana. Usisukume bado."

Mtoto alizaliwa kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa wa kike, mwenye uzito wa kawaida na wino kidogo kwapani, ambao ulitoka kwa sabuni. Mjalidi alimlaza juu ya ukurasa, kwa kuwa mama hakuchorewa mikono. Mwanamke akamtazama mwanawe muda wote ambao wafanyakazi wengine wa maktaba walikuwa wanakula.

Mkuu wa maktaba aliingia akijifuta mdomo. Alimpongeza Mama Sukuma, akampakata mtoto vizuri, maana naye ni baba.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema. Kisha akaiona penseli. "Hii imetoka wapi?"

"Nimechora mimi, mzee."

"Maonyesho yanafunguliwa Jumatatu. Kitabu kitawekwa kama daktari alivyokiacha."

"Lakini mtoto hayumo tena tumboni."

Mkuu alifikiri. "Huo tutauita uchakavu. Uso si uchakavu. Ufute."

Mjalidi alifuta mwenyewe, hakutaka mkono mwingine uifanye kazi hiyo. Alianza na kidevu, akaacha macho mwisho. Mama Sukuma alimwinua mtoto juu ya ukurasa mpaka macho yakaisha. Mjalidi alilia, ila aligeukia pembeni, karatasi isije ikalowa tena.

Sasa kitabu kiko ukumbini chini ya kioo, kimefunguliwa pale pale. Kibao cha maelezo kimelitaja jina la daktari mara tatu na kusifu jinsi alivyomjua mwanamke.

Mama Sukuma, anayemlea mtoto, humleta kila Ijumaa, na wafanyakazi humuuliza habari za meno. Paji ni pana, macho yameachana kidogo, kishimo kiko kidevuni. Bibi humwinamisha juu ya kioo, upande wa shingo. Sura ya mtoto huonekana kiooni, ikakaa barabara pale karatasi ilipo tupu, na kwa kitambo hicho tumbo la mwanamke hupanda na kushuka.

"Bibi, samahani, kioo hakiguswi," husema mlinzi. Bibi huomba radhi na kurudi nyuma. Mlinzi hutoa kitambaa, akafuta alama.