Mlaji wa Sauti

Marehemu mume wa Bi Cherehani alikuwa mtangazaji, na kila alfajiri chaneli moja ya bure ilifungua matangazo kwa sauti yake iliyorekodiwa zamani: "Kumekucha, mtazamaji." Mjane hujibu akiwa nusu usingizini, "Kumekucha," na kwa kitambo hicho godoro la upande wa pili huwa kama limebonyea.

Malipo ya king'amuzi yalipokwisha, kampuni ikafunga kila kitu, na chaneli za bure humohumo. Kioo kikabaki buluu. Televisheni za zamani zikiugua walau zilitoa chenga, ukazisikia zinakohoa. Hii ilikata roho kimya kimya. Akaota mumewe yuko nyuma ya kioo, midomo inacheza, sauti haitoki.

Wifi yake, dada wa marehemu, alifanya kazi katika chama cha kutetea haki za mlaji. Aliposikia alicheka kwanza, ndio uwifi wenyewe, akasema kaka yake hata alipokuwa hai hakushikika. Kisha akamweleza kwamba sheria hairuhusu chaneli za bure kufungwa, akampeleka kwenye baraza la malalamiko.

Feni ya chumba kile ilizunguka polepole kama inayowaza. Mwanasheria wa kampuni alisema kwa upole kuwa mlaji hajapoteza chochote, maana kilichofungwa ni cha bure. Bi Cherehani alikuwa ameanza kusinzia. Neno hilo likamzindua.

"Mlaji nani, mwanangu? Mimi sijala cha mtu."

Wifi akamnong'oneza kuwa mlaji ni mtumiaji, yaani yeye.

"Ahaa. Basi mlaji gani huyu anayelala njaa, na aliyeshiba ni nyinyi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akaagiza chaneli za bure zifunguliwe, si kwake tu, bali kwenye kila king'amuzi cha kampuni ile.

Alfajiri agizo lilipotekelezwa, wifi alikuwa amelala kwa Bi Cherehani. Sauti ikaja: "Kumekucha, mtazamaji." Na kwa kuwa ving'amuzi havilingani mwendo, ikasikika tena kwa jirani, kisha ng'ambo ya barabara, kisha mbali zaidi, kama mtu anayepita peku nyumba hadi nyumba akibisha hodi.

"Si nilikwambia," wifi akasema ndani ya shuka. "Kaka yangu mtembezi."

"Mwache atembee," akajibu Bi Cherehani, macho kayafumba. "Kwangu ndiko alikoanzia."