Ndoa ya Awor na Oguttu

Mwaka 1960, watu wa Bukedi, mashariki mwa Uganda, walipokataa kodi, umati ulichoma nyumba ya chifu mmoja huko Iyolwa na kumuua mlangoni. Mwanawe Oboth, kijana wa sekondari, alijificha kwenye shamba la pamba akamwona aliyeutangulia umati ule: Ochwo, mdogo wa baba yake.

Dada wa marehemu aliitwa Awor. Alikuwa mjane, binti wa ukoo wa machifu, na wanaume wengi walimwomba ushauri kabla ya kwenda barazani. Alimvusha Oboth hadi Busia upande wa Kenya, kwa Oguttu, Msamia mwenye malori. Mtu huyo alikuwa amemposa miaka mingi, naye akimkataa.

"Sasa nimekubali," Awor alimwambia, hata hajakaa. "Lakini kijana huyu akiguswa, sina mume."

"Ukiwa mke wangu, nani atamgusa?"

Wakaoana. Oguttu alipenda kuwaambia wageni kwamba binti wa machifu sasa anampikia yeye. Mke mkubwa, Nasirumbi, alimwita malkia asiye na nchi, tena mbele ya watoto. Awor alivumilia.

Kisha Ochwo akapewa uchifu wa kaka yake, akaja Busia kula chakula cha mchana. Awor aliandaa samaki, akarudi jikoni. Mlango ulikuwa wazi.

"Pamba yote ya kwetu itabebwa na malori yako," Ochwo alisema. "Nipe tu yule kijana. Jumatatu nakuja kumchukua."

"Chukua."

"Na shangazi yake?"

"Atalia, halafu atanyamaza," Oguttu akajibu, akiendelea kula.

Jumapili baada ya misa Awor alimweleza padri wa parokia, Mwairishi mzee mwepesi wa hasira. Padri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu, enzi za Mfalme Henry wa Uingereza," alisema, "kulikuwa na bibi wa ukoo mkubwa. Kaka zake waliuawa London, akabaki mtoto mmoja wa kaka yake, naye akiwindwa. Bibi huyo akaolewa na mtawala wa kaskazini ili mtoto apate ulinzi. Baadaye akahisi mume anataka kumtoa kwa mfalme. Akampakia mtoto melini, akampeleka Ufaransa."

"Yeye mwenyewe alifanya nini?"

"Alimwambia mumewe kwamba alimkubali kwa ajili ya mtoto tu. Akaondoka."

Awor aliinuka. "Padri, gari lako lina mafuta?"

Oboth alikataa kupanda. "Niache, shangazi. Nitamngoja Ochwo na panga."

"Baba yako pia alikuwa na panga. Panda."

Padri akampeleka Kisumu, na huko kijana akapanda treni ya Nairobi.

Jumatatu Ochwo alifika na watu wawili. Awor alikuwa sebuleni, amevaa nguo zile zile alizokuja nazo.

"Kijana yuko wapi?" Oguttu aliuliza.

"Hayupo. Nilikubali kuolewa nawe ili aishi, nawe umemuuza kwa pamba. Sina mume hapa."

Oguttu aliinua mkono. Ochwo alitabasamu.

"Piga," Awor alisema. "Nitaingia polisi Tororo na uso huo huo, niwaambie nani alitangulia mlangoni kwa kaka yangu, na nani alitaka kumtoa shahidi kwa muuaji."

Mkono ukashuka. Nasirumbi akampisha mlangoni.

Awor alikwenda Tororo, akasema yote. Kesi haikufika mbali, maana Iyolwa nzima ilidai haikuona kitu, lakini Ochwo alivuliwa uchifu. Ukoo ulimchukia Awor kwa hilo. Alipanga chumba mjini, akashona nguo za watu, na jamaa waliomkuta sokoni walipita kama hawamjui.

Oboth alirudi baada ya uhuru, akiwa mwalimu, akakaa naye. Awor alipofariki mwaka 1968, Oboth alimzika Iyolwa kando ya kaka yake aliyeuawa. Wanaukoo walisimama mbali, mikono kifuani. Hakuna aliyemsaidia kufukia, na hakuna aliyethubutu kumzuia.