Upande Uliomegwa

Unga ulikuwa umepanda bei tena, kwa hiyo Nasiba aliamua mikate ipungue. Hakutangaza. Aliingia uani alfajiri, ushungi kichwani, akachukua donge moja mezani, akalinyofoa pembeni na kulirudisha.

"Hivi, Maman Adrien. Kila moja hivi. Bei inabaki ile ile."

"Bantu batasema," alisema Véronique.

"Baseme. Benye kusema banaleta unga?"

Véronique akaanza kuyakata madonge upya. Tanuri la Nasiba lilikuwa nyuma ya soko la Kamembe, na Véronique, mwenyeji wa Rwimbogo, alifanya kazi hapo tangu mtoto wake wa kwanza hajaota meno. Mikono yake ilikanda na midomo yake ilicheza. Zamani Nasiba alidhani mfanyakazi wake anamsengenya. Siku hizi alijua kwamba anaongea na Mungu, na ingawa yeye ni Mwislamu aliyezaliwa hapo hapo Kamembe, hakuona ubaya.

"Umuambie na mambo ya unga," alisema akitoka.

Lakini leo Véronique alikuwa na jambo moja tu la kumwambia. Jumapili ni Meza ya Bwana, na alitaka kula.

Hakuwa ameila tangu pasta mpya alipofika kanisani kwao na kuuliza, familia moja baada ya nyingine, nani ameolewa kwa sheria. Véronique aliishi na Mulume, Mshi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, Bukavu, wakazaa watoto watatu. Mahari ilitolewa, wazee walikaa, nyimbo ziliimbwa. Karatasi ya serikali ndiyo haikuwepo. Kamati ya kanisa ikamweka chini ya nidhamu: asiimbe kwaya, asile Meza, akae benchi la mwisho karibu na mlango. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kamati ilishika ile nusu ya kwanza.

Kitu kimoja hawakumkataza: kuuoka mkate wenyewe wa Meza. Kanisa lilileta unga, yeye akauoka bila hamira, mpana kama sinia. Kuoka ni kazi, walisema. Kula ni jambo lingine.

Huko kwenye benchi la mwisho ndiko mambo yake na Mungu yalikoanzia. Zamani, akiwa mbele na kwaya, alikuwa akiomba kwa kurudia: pasta anasema, wao wanafuata. Nyuma kule, pikipiki zikipita mlangoni na mvua ikipiga mabati, hakusikia neno hata moja la kurudia. Ikabidi atafute yake. Akaanza na kikohozi cha mtoto, akaendelea na kuni mbichi, na mgongo wa Mulume unaobeba mifuko ya saruji kule Muganza. Siku nyingine alimnunia Mungu wiki nzima. Siku nyingine alicheka naye peke yake, na waliokaa karibu wakadhani amechanganyikiwa. Alimpenda. Ndiyo maana aliona uchungu kuoka mkate wake halafu kuutazama ukipita.

Pasta alikuwa amelegeza kidogo. Ndoa yenyewe ingeweza kusubiri, alisema. Ofisi ya serikali ya sekta ikibandika tu tangazo lao la ndoa, aonyeshe karatasi, na Jumapili atakula.

Saa nne alivua aproni akaenda ofisi ya sekta. Mulume alikuwa ameshafika, amepanda lori la alfajiri na kupoteza kibarua cha siku. Alikuwa amenawa, lakini nyusi zake bado zilikuwa na vumbi jeupe. Mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni, alishika karatasi ya Bukavu inayothibitisha kwamba hana mke mwingine. Waliihangaikia tangu kiangazi. Walikaa kwenye foleni hadi matako yakafa ganzi.

Karani wa ndoa alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliweka karatasi kando ya kitambulisho, akatazama huku, akatazama kule.

"Hapa ni Ntabaza Mulume. Hapa Bukavu bameandika Mulume Ntabaza. Ni bantu babili."

"Ni muntu moja, chef," alisema Mulume. "Njo miye uyu."

"Wewe si karatasi." Karani aliinua uso. Aliona foleni inamsikiliza, akanogewa. "Halafu Mulume, kwa Kishi, si ni kusema bwana?"

"Njo vile, chef."

"Basi, mama, uko na Bwana kanisani, uko na bwana nyumbani. Unatafuta bwana gani kwangu?"

Foleni ilicheka. Mulume naye alicheka, kicheko cha mtu anayeomba kitu, na hicho ndicho kilichomuuma Véronique kuliko neno lenyewe. Moyoni alimwambia Mungu: sema na huyu kijana, sema naye sasa hivi.

"Murudi Bukavu bageuze jina," alisema karani. "Na hii inakufa Jumapili, miezi yake imetimia. Mutaanza upya yote."

"Chef, bandika tu tangazo. Jina tutalitengeneza..."

"Niko na mkutano."

Akafunga droo kwa ufunguo, akatoka.

Kanisani pasta alikuwa juu ya ngazi, anafunga upya kitambaa kikubwa chenye neno la mwezi huu: MIMI NA MUNGU, HAKUNA WA KATIKATI. Alikuwa amelihubiri Jumapili tatu mfululizo, na alilihubiri vizuri. Mungu anakutaka wewe, alisema, wewe mwenyewe, si kupitia mtu. Véronique alimweleza mambo ya jina akiwa chini ya ngazi, shingo imepinda.

"Pole sana, mama," alisema pasta, na alionekana kusikitika kweli. "Ingekuwa ni mimi, ningesema ukule. Lakini kuko utaratibu. Bila karatasi kamati itaniuliza."

"Na Mungu, Papa Pasta, ataniuliza karatasi?"

"Mungu ni wa utaratibu, mama." Aliivuta kamba, kitambaa kikanyooka. "Na mkate usisahau, tafadhali. Kesho ni umuganda, watu wote kwenye kazi za jamii, asubuhi kila kitu kitafungwa. Bernadette atapita kuuchukua leo jioni."

Alirudi kwenye tanuri. Mulume alimfuata nyuma. Lori la kurudi Muganza lilikuwa la wakati wa magharibi. Véronique alipepeta unga wa kanisa, akatia maji na chumvi kidogo, akakanda kwa nguvu kuliko unga ulivyohitaji. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya karani peke yake.

"Na weye pia," alisema kwa sauti, macho kwenye donge, "hauna kashe, muhuri wako mwenyewe? Unangojea nani akupigie?"

"Unasema na miye?" aliuliza Mulume.

"Hapana. Na Yeye."

Kuni zililia, Nasiba alikuwa akigombana na mteja kule mbele. Mkate uliingia, mkate ukatoka, mweupe wenye madoa ya kahawia, na harufu yake ikawakumbusha wote wawili kwamba hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Véronique aliutazama mpaka ukapoa. Kisha akaumega ukingoni, akagawa kipande mara mbili.

Mulume hakupokea. "Si ni ya kanisa?"

"Ni ya Bwana. Kula."

Walikula wamesimama. Haukuwa na sukari, na ulikuwa mgumu kidogo. Véronique alilia bila kutoa sauti, akatafuna mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu pasta mpya aje hakuona haya mbele za Mungu.

Bernadette, shemasi, ambaye zamani waliimba naye sauti moja, alifika jua likizama, ameshika kitambaa cheupe. Alikitandaza kwenye sinia, akauinua mkate. Akasita.

"Maman Adrien, mukate umemegwa."

"Njo vile."

"Ni panya?"

"Ni miye. Miye na mulume wangu. Tumekwisha kula."

Bernadette alimtazama Mulume, akamtazama tena Véronique. "Uko chini ya nidhamu."

"Minajua."

"Unajua, na unakula? Nani amekuruhusu?"

"Nilimuuliza Mwenyewe."

"Na akasema nini?"

"Hakusema kitu," alijibu Véronique. "Lakini hakuniomba karatasi."

Bernadette alisimama pale na mkate mikononi. Unga wa kanisa ulikuwa umekwisha, kesho hakuna duka litakalofunguliwa kabla ya adhuhuri, na hata baada ya hapo mwokaji angekuwa huyu huyu.

"Iko ingine ya hamira na sukari," alisema Nasiba kutoka mlangoni. "Unataka hiyo?"

Bernadette aliugeuza mkate taratibu, upande uliomegwa ukawa chini, akaufunika pembe zote nne. Kisha akaubeba kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaondoka bila kuaga.

Mulume alikimbilia lori lake. Véronique alichukua ufagio akaanza kuondoa majivu. Jumapili atakaa kwenye benchi lake karibu na mlango, na sinia litampita kama kawaida, limebeba mabaki yake.