Nyusi za Mama Mkwe

Ukumbi wa sinema ulipofungwa, mabango yake ya zamani yalikutwa stoo, nyuma ya viti vilivyovunjika. Yote yalichorwa kwa mkono, na hakuna hata moja lenye jina la mchoraji. Binti aliyepewa kazi ya kuyaandalia maonyesho akaapa kwamba safari hii hataandika "mchoraji hajulikani" mahali popote.

Kitu kimoja alikigundua mapema. Katika mabango yote saba, filamu iwe ya mapenzi, ya mapanga au ya majini, adui alikuwa mwanamke yule yule: nyusi zimepinda kama upinde, kidoti juu ya mdomo, na kivuli cha kijani chini ya kidevu.

Siku moja alipopeleka gauni kupunguzwa, akaona kibao cha fundi cherehani. Mwanamke aliyechorwa pale alikuwa mpole, tena anatabasamu, lakini chini ya kidevu kulikuwa na kijani kile kile.

"Nani alikuchorea hiki?"

"Fundi Rangi. Nyumba ile yenye geti la bluu. Ila siku hizi amestaafu."

Fundi Rangi, mzee mwembamba mwenye miwani, alikuwa kibarazani anamenya viazi. Binti alipomwonyesha picha za mabango kwenye simu, kisu kikamponyoka.

"Sijawahi kuziona. Mimi hata kuku siwezi kumchora."

"Na kile kibao cha cherehani, mzee?"

"Kile kilinitoka kwa bahati mbaya."

"Nani huyo, mkwe wangu?" sauti ikauliza kutoka ndani. Akatokea bibi mwenye fimbo. Nyusi zimepinda kama upinde. Kidoti juu ya mdomo. Binti akatazama simu, akamtazama bibi, akaizima simu upesi.

"Mtu wa umeme, mama," Fundi akajibu.

Akamsindikiza mgeni mpaka getini, akamnong'oneza: "Mwanangu, nakuomba, mimi nisijulikane. Nilipopeleka posa, mama huyu alinikatalia mbele ya wajomba zangu wote. Nilikuwa kijana, nina hasira, na brashi mkononi. Baadaye akakubali, nikaoa, na sasa tunakaa naye. Akijua, unataka nile wapi?"

Binti akamhurumia, akaondoka bila jina.

Habari za maonyesho zikamfikia mama mkwe kupitia redio, naye akataka kupelekwa siku ya ufunguzi. Fundi akasingizia mgongo. Akaambiwa mgongo utanyooka njiani.

Ukumbini watu walitazama bango la *Jinamizi la Ghorofa ya Tatu*, wakamtazama bibi, kisha wakasogea pembeni kwa adabu. Bibi akalikaribia bango mpaka pua ikakaribia kuligusa.

"Nani kachora hii?"

Fundi Rangi akageukia ukutani, akaanza kusoma maelekezo ya kuzima moto kama mtu mwenye mtihani kesho.

Hapo akajitokeza mkata tiketi wa zamani, mtu ambaye sifa ikipita karibu lazima aidandie. "Mimi, bibi. Zote hizi ni kazi yangu."

"Wewe!" Mkoba ukamshukia begani. "Nilikukosea nini? Niliwahi kuingia bila tiketi?"

"Bibi, si wewe huyo!" mkata tiketi akajitetea huku anarudi nyuma. "Nilichora harakaharaka tu, kwa rangi ya milango! Hizo nyusi nilipitisha brashi ya chokaa, basi!"

Fundi Rangi alikuwa amevumilia mengi maishani, lakini hilo lilimshinda.

"Muongo mkubwa wewe! Brashi ya chokaa? Nyusi hizi nilizichora kwa brashi nyembamba kama sindano, kutwa nzima, unywele mmoja mmoja!"

Fundi akasikia alichokisema.

"Kumbe," mama mkwe akasema.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Bibi akapita kwenye mabango yote saba, taratibu, fimbo inagonga sakafu, mkwe wake nyuma kama mshtakiwa. Mwisho akageuka.

"Yaani watu walipanga foleni mpaka barabarani kuja kuniona mimi, na hakuna aliyeniambia?"

"Lakini mama, wewe ulikuwa jini."

"Jini lililojaza ukumbi! Na huyu msichana anayelia pembeni mwa bango, nani anamkumbuka?"

Binti hakungoja kuambiwa mara mbili. Akatoa kalamu na kuandika jina kamili la Fundi Rangi chini ya kila bango, mama mkwe akimsimamia na kudai lake liandikwe pia, kwa herufi za ukubwa ule ule. Mkata tiketi aliomba atajwe japo kidogo. Akaambiwa nafasi imejaa.

Siku zilizofuata Fundi alikuja na kiti cha mama mkwe, akakiweka kando ya jinamizi, kisha akawaeleza wageni jinsi kijani kinavyoipa ngozi uhai. Sauti yake ilizidi kupanda kila siku.

Sasa amenunua brashi mpya, maana ameagizwa bango la nane. Michoro miwili imeshakataliwa. Mama mkwe anasema humo anaonekana mpole.